Sensa ya ATE ya gurudumu la mbele, kwenye M3 ya zamani

Kwa mwenye BMW M3 ya E36 (toleo la miaka ya 1990) ambaye ABS yake, yaani mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, inamsumbua, sensa hii ya kupima kasi ya gurudumu, ya chapa ya ATE, ni ya kununua bila kusita. Nimeifunga mbele kulia kwenye gari langu la mwaka 1997 na breki zimerudi kuwa za kuaminika.

Taa ya ABS kwenye dashibodi haikuwa ikiwaka. Ila gari likikaribia kusimama, mwendo wa mtu anayetembea, pedali ilitetemeka na ABS ikaingia kazini, barabara ikiwa kavu na mguu umekanyaga taratibu tu. Aliyekuwa na gari kabla yangu alishaweka sensa mpya ya bei nafuu, ya chapa nyingine. Niliipima ukinzani wa umeme kwa mita: karibu omu 1,000, haina neno. Mafundi wengi huishia hapo, na mimi sikubaliani nao. Kipimo hicho kinakuambia kwamba waya wa ndani haujakatika. Hakikuambii ishara inayotoka ina nguvu kiasi gani.

Sensa za magari ya umri huu hazipewi umeme, huutengeneza zenyewe. Ndani mna sumaku iliyozungushiwa koili ya waya mwembamba sana, na mbele yake inazunguka pete yenye meno iliyo kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kila jino linapopita, nguvu ya sumaku hubadilika na koili hutoa wimbi dogo la umeme. Gari likikimbia, mawimbi huwa mengi na makubwa. Likipunguza mwendo, hufifia mpaka kompyuta ya ABS isiyaone. Sasa gurudumu lenye ishara dhaifu likinyamaza mapema kuliko mengine matatu, kompyuta huamini limejifunga, nayo hulipunguzia presha ya breki. Mtetemo wa pedali ulitoka hapo.

Kwa hiyo nilipiga jeki, nikachomoa plagi, nikaweka mita kwenye volti za AC na kuzungusha gurudumu kwa mkono, kama mzunguko mmoja kwa sekunde. Ile sensa ya bei nafuu haikufika hata volti 0.1. Hii ya ATE, kwenye gurudumu lilelile, ilisoma 0.3, sawa na ya upande wa kushoto. Tofauti hiyo ndiyo niliyolipia.

Kilichonifurahisha zaidi ni waya. Mipira ya kuushikilia imekaa mahali penyewe, inaingia kwenye vishikizo bila kuvutwa, na ukikata usukani mpaka mwisho waya haukazi wala kugusa tairi. Ile ya bei nafuu ilikuwa imefungwa kwa kamba za plastiki! Kwenye gari linalokatishwa kona kwa nguvu, waya unaokunjwa vibaya hukatika ndani huku ganda likionekana zima, na hitilafu ya namna hiyo huja na kuondoka bila mpangilio.

Tundu la sensa lisafishwe vizuri kabla ya kufunga. Pengo kati ya ncha na meno kwa kawaida ni kama milimita 1 tu, hivyo kutu kidogo ikijaa chini ya kikalio huinyanyua sensa na kuua ishara, hata iwe nzuri namna gani. Kagua na pete pia, maana jino lililovunjika huleta dalili zilezile. Sensa yenyewe iliingia kwa kusukumwa na vidole. Ikikataa, usichukue nyundo, rudi kwenye kutu.

Wenye magari mapya zaidi wasiige kipimo changu cha omu. Sensa nyingi za baadaye zina saketi ya kielektroniki ndani na hupewa umeme na kompyuta; mita ya omu haikuambii chochote cha maana juu yake, na inaweza kuiharibu.