Daladala za Uyole–Mwanjelwa: kwa nini siku hizi napanda bajaji

Naishi Uyole, shughuli zangu ziko Mwanjelwa. Kwa asiyeijua Mbeya, tuna barabara kuu moja tu, ya TANZAM, ile ile inayopitisha malori ya Tunduma, Zambia na Congo, na sisi wa mjini tunabanana humo humo kwenda kazini, sokoni na hospitali. Njia hii nimeipanda tangu nasoma, enzi zile konda anatuzuia mlangoni wanafunzi mpaka watu wazima waishe. Sasa mambo yamegeuka. Coaster ambayo asubuhi ilikuwa inatoka Uyole watu wananing'inia mlangoni, leo konda wake anakuita dada, anakuita mama, anakuita mwaisa kama mwenzake wa Mbeya, na bado siti za nyuma ni tupu.

Watu wakisikia abiria wamepungua wanakimbilia kusema nauli. Ni kweli LATRA, mamlaka inayopanga nauli, walipandisha Desemba 2023, na safari isiyozidi kilomita 10 ikatoka shilingi 500 kwenda 600. Mia moja inauma ukiihesabu kwenda na kurudi mwezi mzima. Lakini bajaji za kushea zinadai zaidi ya hapo, na ndizo zinazojaa. Aliyeshindwa nauli ya daladala hawezi kuwa ndiye anayelipa ya bajaji. Kwa hiyo hilo naliweka pembeni.

Kinachotukimbiza ni kusubiri. Unaingia ndani ya gari, unaambiwa "tunaondoka sasa hivi, bado siti mbili". Injini inanguruma. Gari linasogea hatua tatu, moyo unatulia, halafu linarudi nyuma pale pale. Kuna vijana wawili watatu wamekaa siti za mbele wamevaa vizuri kabisa kama wasafiri; abiria wa kweli wakiingia, wao wanashuka mmoja mmoja kwenda kukalia gari linalofuata. Ukishawafahamu sura huwezi tena kudanganyika, ila mgeni anaona gari limekaribia kujaa. Na likishatoka stendi usidhani umepona, maana kila kituo linasimama konda anashuka kupiga kelele, na mtu akionekana kwa mbali anatoka kichochoroni, gari zima linamngoja afike. Wakati mwingine hata hakuwa anasafiri.

Nilikuwa nawalaumu sana madereva mpaka nilipokuja kuelewa wanavyolipwa. Wengi hawana mshahara. Gari ni la mwenyewe, na jioni mwenyewe anataka hesabu yake, kiasi kile kile, mvua inyeshe au jua liwake. Mafuta wanaweka wao, na tangu bei ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022 hicho si kitu kidogo kwa injini ya Coaster. Trafiki akiandika kosa, kuna faini. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho dereva na konda wanagawana, na deiwaka, yule dereva wa kushikiza, akishika usukani mchana naye anataka chake. Katika mpango huo, kuondoka na siti tupu ni kutoa hela mfukoni. Mimi ningekuwa dereva ningesubiri pia.

Tatizo ni kwamba dawa yao ndiyo inayowamaliza. Abiria wakipungua, gari linachelewa kujaa. Likichelewa kujaa, wale wenye haraka wanahama. Wakihama, linachelewa zaidi. Wanaobaki ni wenye muda na wenye mizigo, na hao peke yao hawajazi Coaster.

Bajaji inahitaji watu watatu. Hiyo ndiyo siri yake yote, wala si kwamba dereva wake ana adabu kuliko konda. Nikifika na kukuta wawili wamekaa, mimi ndiye wa mwisho, tunaondoka. Inakushusha unapotaka, haichagui kituo, inaingia mpaka kwenye mitaa ya ndani ambako daladala halijawahi kupita. Vijana wengi wanaziendesha kwa mkataba, wanalipa kila wiki mpaka chombo kinakuwa chao, kwa hiyo anayekimbia pale anakimbilia mali yake. Konda wa daladala hata akikimbia miaka kumi, gari halitakuwa lake.

Utaratibu unataka bajaji zihudumie mitaa na kuleta watu barabarani, ila sote tunaziona zikitembea barabara kuu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Madereva wa daladala wa Mbeya wamewahi kugoma kwa ajili hiyo, zaidi ya mara moja. Malalamiko yao nayaelewa: wana leseni ya njia, wana mstari wa rangi ubavuni, wanafuata nauli iliyopangwa, na mwenzao anachukua abiria mbele ya macho yao. Ila mgomo unamfundisha abiria kitu kimoja tu, kwamba mji unaweza kwenda bila daladala. Dar es Salaam, mwendokasi ulipoanza Mei 2016, daladala ziliondolewa Barabara ya Morogoro kwa amri. Huku kwetu hakuna aliyeamuru, abiria tumeondoka kwa miguu yetu.

Jambo jingine lililonichosha ni kukatishwa safari. Gari limeandikwa Mbalizi, mbele kabisa ya Mwanjelwa, umelipa nauli ya Mbalizi, likifika Kabwe njiani foleni ya malori imekaza, dereva anageuza. "Abiria wa Mbalizi tunawafaulisha gari la nyuma." Gari la nyuma limejaa, unasimama. Ukidai hela yako, konda anakuangalia kana kwamba umemtukana. Sasa barabara inapanuliwa kuwa njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, na panapochimbwa Coaster inakwama huku bajaji inapenya pembeni kwenye vumbi. Labda njia nne zikikamilika daladala zitapumua. Labda bajaji nazo zitapata nafasi zaidi ya kukimbia. Hilo silioni likijadiliwa.

Pamoja na hayo, kuna siku siwezi kupanda kingine. Nikiwa na gunia la viazi, daladala. Mvua za Machi, daladala, kwa sababu turubai la bajaji halizuii kitu na baridi ya Uyole mnaijua. Mama yangu simpandishi bajaji barabara ile hata kama anaharakishwa namna gani. Ukiwa umekaa mle halafu lori la kontena linapita pembeni, tairi lake liko usawa wa kichwa chako. Na wanafunzi hawana chaguo kabisa. Nauli yao ya 200 inapokelewa kwenye daladala tu, ingawa kwa kununa. Daladala zikiisha kwenye njia hii, sijui nani atawabeba watoto hao kwa hela hiyo.

Nyota ningewapa mbili na nusu kati ya tano: usalama, mizigo na bei vinawabeba, muda unawaangusha. Kwa mgeni anayekuja Mbeya, ushauri wangu ni huu. Asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa moja panda daladala bila wasiwasi, zinajaa haraka. Mchana usiingie gari lililo tupu stendi. Tembea mbele kidogo, simama kituoni, udake lililokwisha kuanza safari. Nauli toa ukiwa na chenji, na toa ukikaribia kushuka, hasa kama unakwenda Mbalizi. Usiku baada ya saa mbili zinaadimika, kwa hiyo weka akiba ya hela ya bajaji.

Nami ningerudi hata kesho kama gari moja tu la asubuhi na moja la jioni yangekuwa yanaondoka kwa saa, limejaa au halijajaa. Nalipa hata 800.