Uakisi wa Java katika kuweka thamani za sifa: tathmini ya zana na mipaka yake

Lugha ya Java imekuwa na zana ya uakisi, yaani uwezo wa programu kuzichunguza na kuzibadilisha klasi na objekti zake yenyewe inapoendeshwa, tangu toleo la JDK 1.1 (JDK ni zana za kutengenezea programu za Java) lilipotoka mwaka 1997, na mwaka uliofuata, katika toleo la 1.2, iliongezwa mbinu ya setAccessible, ambayo ndiyo iliyoiwezesha zana hiyo kuifikia hata sifa (sehemu ya objekti inayohifadhi thamani) ambayo mwandishi wa klasi (kiolezo cha objekti) ameitangaza kuwa ya faragha. Tathmini hii inahusu sehemu moja tu ya zana hiyo, yaani klasi ya Field iliyomo katika kifurushi cha java.lang.reflect, na kazi moja tu ya klasi hiyo, nayo ni kuipa objekti thamani katika sifa ambayo jina lake linajulikana programu inapoendeshwa, si msimbo unapoandikwa. Hukumu yangu naiweka wazi mapema: kwa anayejenga maktaba au fremuweki, hii ni zana iliyotengenezwa kwa uangalifu na inayostahili kusifiwa, lakini kwa anayeandika programu ya kawaida ya hesabu au ya usajili, karibu kila mara ni njia ya kukwepa swali lililopaswa kujibiwa katika muundo wa klasi yenyewe.

Utaratibu wake ni mfupi. Mtumiaji huiomba klasi impe sifa kwa jina lake, huifungua kwa setAccessible ikiwa si ya hadhara, kisha huita set na kuipa objekti inayobadilishwa pamoja na thamani mpya. Kwa hatua hizo chache, maktaba ya Gson huyasoma maandishi ya JSON (muundo wa kubadilishana data) na kuyageuza kuwa objekti za klasi ambazo waandishi wa Gson hawakuwahi kuziona, Hibernate hujaza objekti kwa data iliyotoka katika hifadhidata, na Spring hupachika vitegemezi, yaani objekti ambazo klasi inazihitaji, katika sifa zenye alama ya @Autowired. Bila uwezo huo, kila klasi ingehitaji msimbo wake wa kunakili thamani moja baada ya nyingine, na msimbo huo ungepaswa kurekebishwa kila sifa inapoongezwa au kuondolewa. Yeyote aliyewahi kutunza msimbo wa namna hiyo katika mradi mkubwa anajua ni kazi ya kuchosha na inayozaa makosa madogo yasiyoonekana haraka.

Ugumu wa kwanza anaokutana nao mgeni ni uchaguzi kati ya getField na getDeclaredField, kwa sababu majina yanafanana lakini kazi zake zinatofautiana kwa namna mbili kwa mpigo. Ya kwanza hutafuta sifa za hadhara peke yake, zikiwamo zile zilizorithiwa. Ya pili hutafuta sifa za kila kiwango cha ufikiaji, lakini katika klasi iliyotajwa tu, bila kupanda kwa klasi mama. Hakuna mbinu moja inayotoa sifa ya faragha iliyorithiwa, hivyo mtumiaji hulazimika kuandika mzunguko wake mwenyewe wa kupanda klasi kwa klasi hadi afike kwenye Object. Kasoro hii imeachwa kwa muda mrefu mno, na ndiyo sababu maktaba nyingi zina nakala zao za msimbo uleule. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba kila wito wa getDeclaredField hurudisha nakala mpya ya Field, kwa hiyo ruhusa iliyotolewa kwa nakala moja haihamii kwa nyingine. Aliye makini huipata sifa mara moja, huifungua, kisha huihifadhi kwa matumizi yote yanayofuata.

Katika ukaguzi wa aina za thamani, zana hii inafanya vizuri zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Ikiwa sifa ni ya aina ya long, yaani namba nzima ya aina ya msingi, na thamani iliyoletwa ni Integer, mbinu ya set huifungua thamani hiyo kutoka katika kifungashio chake (objekti inayobeba thamani ya msingi), huipanua na kuiweka bila malalamiko. Ikiwa sifa ni ya aina ya Long, yaani kifungashio chenyewe, Integer ileile hukataliwa kwa IllegalArgumentException, kwa kuwa upanuzi unaruhusiwa kwa aina za msingi pekee. Tofauti hii inawasumbua watu, lakini inafuata kanuni za lugha yenyewe, na ujumbe wa kosa hutaja aina ya sifa, klasi yake, jina lake na aina ya thamani iliyokataliwa, kiasi kwamba chanzo hupatikana kwa kusoma mstari mmoja. Ni nadra ujumbe wa kosa kuwa na msaada wa kiwango hicho, na waliouandika wanastahili shukrani.

Ulinzi huo, hata hivyo, unaishia mlangoni mwa aina jumuishi (generics), yaani aina zinazotaja pia aina ya vilivyomo ndani yake, zilizoletwa na Java 5 mwaka 2004. Sifa iliyotangazwa kuwa orodha ya namba hupokea orodha ya maandishi bila kosa lolote, kwa sababu taarifa ya kile kilichomo ndani ya orodha imefutwa na haikaguliwi wakati wa kuweka thamani. Kosa hujitokeza baadaye kama ClassCastException, pengine katika moduli nyingine kabisa, mahali ambapo msomaji wa msimbo haoni dalili yoyote ya uakisi. Aliyeandika msimbo wa kuweka thamani anaweza kuita getGenericType na kukagua mwenyewe, kwa kuwa tangazo la sifa bado limehifadhi taarifa hiyo, lakini zana haimlazimishi wala haimkumbushi. Naiona hii kuwa hatari kubwa kuliko kosa la jina, kwa sababu jina likikosewa programu husimama palepale na kurusha NoSuchFieldException, ilhali hapa programu huendelea kana kwamba mambo yako sawa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha tathmini hii. Klasi iliyoandikwa vizuri haihifadhi data tu, bali hulinda ahadi. Tuchukue klasi ya kipindi yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, ambayo kiundaji chake, yaani msimbo unaounda objekti zake, hukataa kuunda objekti ikiwa mwisho unatangulia mwanzo. Kila msimbo unaopokea kipindi hicho una haki ya kuamini kwamba mpangilio ni sahihi, na haki hiyo ndiyo inayoifanya programu iliyobaki iwe fupi. Field.set huingia bila kupita kwa kiundaji wala kwa mbinu ya kuweka thamani. Huandika moja kwa moja katika kumbukumbu ya objekti, na ukaguzi wote ulioandikwa kwa bidii haufanyiki. Matokeo yake ni objekti ambayo kisheria haikupaswa kuwapo. Mfano mwingine ni wa objekti inayotumika kama ufunguo katika HashMap, yaani ramani inayohifadhi vitu kwa funguo: ukibadilisha kwa uakisi sifa inayoingia katika hesabu ya hashCode, namba inayoiambia ramani pa kutafuta, ramani itaitafuta mahali pengine na kusema haipo, ingawa imo ndani yake.

Sifa za final, yaani zile zilizotangazwa kutobadilika, zinaongeza utata ambao hata wenye uzoefu huuelewa nusu. Sifa ya final isiyo ya static (yaani ya kila objekti, si ya klasi nzima), katika klasi ya kawaida, inaweza kubadilishwa baada ya setAccessible kufaulu, na ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya kazi kama ya kurejesha objekti kutoka katika data iliyohifadhiwa, kabla msimbo mwingine haujaanza kuitumia. Lakini ikiwa sifa hiyo ilipewa thamani isiyobadilika palepale ilipotangazwa, tuseme namba 10, kompaila huwa tayari imeipachika namba hiyo kila mahali inaposomwa, hivyo uakisi utasema thamani ni mpya huku mbinu za klasi zikiendelea kurudisha 10. Sifa za static final hukataliwa kabisa, na ujanja wa zamani wa kubadilisha sifa ya modifiers, inayobeba alama kama final, iliyomo ndani ya Field yenyewe ulizibwa katika Java 12. Uzibaji huo ulifanyika vyema, kwa sababu programu inayotegemea kubadilisha kitu kilichoahidiwa kutobadilika haiwezi kueleweka na msomaji yeyote.

Wabunifu wa Java wamekuwa wakiubana uhuru huu hatua kwa hatua. Mfumo wa moduli ulioingia na Java 9 mwaka 2017 ulileta InaccessibleObjectException, kosa linalorushwa setAccessible inapojaribu kufungua sifa ambayo moduli yake haijairuhusu. Java 16 ikaufanya ukatazaji wa kugusa sehemu za ndani za JDK kuwa hali ya kawaida. Na Java 17, zote mbili zikiwa za mwaka 2021, ikaondoa swichi ya jumla iliyoruhusu kuukwepa. Ufikiaji sasa hutolewa na mwenye moduli inayoguswa, anayetangaza opens katika maelezo yake, au na anayeendesha programu kwa kutumia --add-opens. Mabadiliko haya yalivuruga maktaba nyingi zilizozoea kuchokonoa ndani ya JDK, na malalamiko yalikuwa mengi, lakini nayaunga mkono bila kusita: ruhusa iliyoandikwa wazi huonekana na kila anayekagua mradi, ilhali uvamizi wa kimyakimya huonekana siku ya kuharibikiwa.

Kuhusu kasi sina mengi. Uakisi ni wa polepole kuliko kuiandikia sifa moja kwa moja, ila tangu Java 18, ambapo utekelezaji wake ulijengwa upya juu ya method handles, yaani viungo vya moja kwa moja vya mbinu na sifa, gharama hiyo si hoja ya kuukataa katika kazi inayosubiri mtandao au hifadhidata. Anayehitaji zaidi ana VarHandle, njia nyingine ya kusoma na kuandika sifa, iliyopo tangu Java 9.

Kwa kulinganisha na lugha nyingine, tofauti inayonivutia ni kama ukaguzi wa klasi unaheshimiwa. Katika C#, PropertyInfo.SetValue huita msimbo wa kuweka thamani ulioandikwa na mwenye klasi, hivyo masharti yake hufanya kazi, ilhali FieldInfo.SetValue huyaruka. Katika Python, setattr hupita kwenye property (sifa yenye msimbo wake wa kuweka thamani) ikiwa imetangazwa. Go hukataa kata kata kuweka thamani katika sifa isiyo ya hadhara kupitia kifurushi chake cha reflect, huku PHP ikielekea upande wa pili, kwani tangu toleo la 8.1 ReflectionProperty hufikia sifa zote bila hata kuita setAccessible. Java imesimama katikati, na katika programu ya kawaida ningemshauri mtumiaji aanze na mbinu ya hadhara ya kuweka thamani, aiite kwa uakisi ikibidi, na aiguse sifa yenyewe pale tu ambapo hakuna njia nyingine.

Njia bora zaidi tayari imo ndani ya Java, nayo ni klasi za record, yaani klasi za kubeba data zisizobadilika, zilizokamilishwa katika Java 16. Sifa za record hazibadilishwi na Field.set hata baada ya setAccessible; badala yake getRecordComponents hutoa majina na aina kwa mpangilio uleule wa vigezo vya kiundaji, hivyo maktaba hukusanya thamani zote kwanza, kisha huita kiundaji mara moja, na masharti yote ya klasi hukaguliwa kama inavyopasa. Kwa klasi za kawaida, jambo hilo ni gumu kwa sababu majina ya vigezo vya kiundaji hayahifadhiwi isipokuwa mradi ukikompailiwa kwa chaguo la -parameters, lililopo tangu Java 8. Laiti chaguo hilo lingefanywa kuwa hali ya kawaida, waandishi wa maktaba wangeweza kupita kwenye kiundaji cha klasi yoyote kwa majina, na sababu kubwa ya kuzigusa sifa za faragha ingeondoka.