Treni ya TAZARA, Dar hadi Kapiri Mposhi (Zambia): daraja la kwanza au la pili?

Kote utalala kitandani usiogope, tofauti ni kubanana tu. La kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita, yaani vitatu vitatu kila upande, na ukipata cha chini ujue mchana ndo kochi la wote. Wanaume na wanawake wanatenganishwa, kwahiyo kama uko na mkeo lipieni chumba kizima, na hapo la kwanza ndo rahisi kujaza. Njia ni km 1,860, si usiku mmoja, beba maji na tishu. Mi nikiwa peke yangu nachukua la pili, stori zinanoga halafu mtu akifungua hotpoti ya wali lazima akukaribishe, ila kama una usingizi mwepesi ongeza hela tu ndugu yangu, watu sita hawakosi mkoromaji.