Euryops pectinatus, kichaka cha maua ya njano, mi nakipa tano kwa tano
Kama unataka kichaka cha maua kisichosumbua chukua hiki, asili yake Afrika Kusini upande wa Cape. Kiko kijani-kijivu mwaka mzima, majani yamechanika kama kitana na yana vinyweleo, ukiyashika laini kabisa, afu maua yanasimama juu kwenye vikonyo virefu yani we acha tu! Kinafika mita 1 hadi 1.5. Kipe jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji, hapo ndo pa kuzingatia sana maana mizizi ikikaa kwenye maji inaoza na kichaka kinakufa. Kivulini kinarefuka ovyo, maua kidogo. Yakinyauka kata vikonyo, yanakuja mengine. Ukitaka miche mingine chomeka vipandikizi tu, vinashika.