Betri ya pikipiki Pemba: ipi ununue, na ipi uiache dukani

Unapiga stata alfajiri, unasikia "tak" moja chini ya kiti, taa ya dashibodi inafifia, kisha kimya. Abiria anataka kuwahi boti Mkoani na wewe bado uko Chake. Unapiga kiki mara saba, inawaka, na njia nzima unahesabu pesa: leo lazima ninunue betri. Ombi langu la kwanza ni hili: usiende dukani bado.

Mimi niliua betri mbili ndani ya miezi minne. Ya kwanza nilimlaumu aliyeniuzia. Ya pili ilipoanza kunuka yai viza na ubavu wake kufura, nikaenda kwa fundi mmoja pale Machomanne. Hakuigusa betri. Aliweka mita kwenye vichwa vyake injini ikiwa inanguruma, akanionesha: volti 15.8. "Mwanangu, hii huichaji, unaipika." Ubovu ulikuwa kwenye regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti chaji, tangu siku ya kwanza. Betri zote mbili zilikuwa nzima siku niliyozinunua.

Kwa hiyo anza na mita. Kila fundi wa umeme anayo, na hata ile ya bei ndogo inatosha. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, pima betri bila kuwasha kitu. Volti 12.7 au zaidi, imejaa. 12.4, imebaki kama robo tatu. 12.2, nusu. Chini ya 12 haina kitu. Ukiona inagota kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kati ya sita vilivyomo ndani kimekufa, maana kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Hiyo haina dawa.

Kisha mwambie mwenzako apige stata huku wewe unaangalia mita. Ikishuka chini ya 9.5, na betri ilikuwa imechajiwa vizuri, imechoka. Mwisho, iache injini ikiwaka na uvute mafuta kidogo: usomaji unatakiwa uwe kati ya 13.5 na 14.5, hivi. Kama haupandi kabisa, chaji haifiki. Tafuta kwenye koili inayozalisha umeme, regyuleta au plagi za waya zilizoungua. Ukivuka 15, yaliyonipata mimi yanakusubiri na wewe. Katika hali hizi mbili betri mpya itakufa kama ile ya zamani, tena mapema.

Na kama mita inasema 12.7 lakini stata inalia "tak" tu? Angalia vichwa vya betri. Huku kwetu chumvi haina huruma. Anayebeba samaki kutoka diko ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu maji ya tenga hutiririka chini ya kiti na kuingia pale pale betri ilipo. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Koroga magadi, haya haya ya kupikia maharage, ndani ya maji ya moto, na usugulie kwa mswaki wa zamani. Utaona povu: ni asidi inauawa. Kwenye betri ya maji hakikisha vizibo vimefungwa, tone la magadi lisiingie ndani. Suuza, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, kisha paka grisi au mafuta ya mgando juu yake. Usisahau waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu. Kutu pale chini ya bolti inatosha kukufanya uamini betri imekufa.

Kitu kingine kinachonyonya ni mapambo. Spotilaiti, redio na chaja ya simu vikiungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye swichi ya ufunguo, vinakula usiku kucha. Hesabu ni rahisi. Kinachonyonya miliampea 50 tu kwa saa 24 kimekula 1.2Ah (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri). Betri nyingi za pikipiki zetu ni 4 au 5Ah. Siku ya nne hakuna kitu.

Ukishamaliza hayo yote na betri ndiyo yenye makosa, hapo twende dukani.

Nenda na ile ya zamani mkononi, usitegemee kumbukumbu. Maandishi yake yana maana. 12N5-3B ni betri ya maji ya volti 12 na 5Ah, urefu milimita 120, upana 60, kimo 130. YTX5L-BS ni kavu, yaani haiongezwi maji, urefu 113, upana 70, kimo 105, na ingawa ina 5 kwenye jina, uwezo wake ni 4Ah. Herufi L inakwambia chanya iko kulia ukiiangalia betri vichwa vikiwa upande wako. Usikubali kuuziwa yenye chanya upande wa pili kwa maneno ya "waya utafika". Waya unaovutwa kwa nguvu kupita juu ya chuma ni moto unaosubiri siku yake. Jina likianza na GTX au FTX badala ya YTX usishtuke. Y ni ya Yuasa, na viwanda vingine huweka herufi yao, lakini kipimo ni kile kile. Betri kubwa kidogo si dhambi ikiingia kwenye kisanduku chake bila kulazimishwa. Ndogo kuliko ya asili, hapana.

Sasa jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Watu huuliza chapa. Mimi nauliza: asidi iliingia lini? Umri wa betri ya risasi unaanzia pale asidi inapomiminwa. Tangu saa hiyo inajimaliza yenyewe hata ikikaa bila kuguswa, na joto huharakisha. Ikikaa bila chaji, sahani zake hujifunga ganda gumu la salfati, na uwezo uliopotea haurudi wote. Fikiria safari ya betri mpaka ifike Pemba: kiwandani, meli, Dar es Salaam au Unguja, boti tena, kisha rafu ya duka lenye paa la bati linalopigwa na jua la kaskazi. Chapa kubwa iliyojazwa asidi na kusahaulika mwaka mzima ni mbovu kuliko chapa ya kawaida iliyojazwa leo mbele ya macho yako. Mpangilio wangu wote hapa chini umesimama juu ya hilo.

Ya kwanza: betri kavu inayokuja na asidi yake kando

Hii ndiyo ninayoinunua. Herufi BS mwishoni mwa jina zina maana kwamba chupa ya asidi imekuja pembeni. Lakini herufi pekee zisikutoshe, kuna zinazobandikwa tu. Ukiishika ni nyepesi kuliko ulivyotarajia, na juu yake kuna matundu sita yaliyofunikwa karatasi ya bati ambayo haijaguswa. Karatasi ikiwa nzima, betri hiyo bado haijazaliwa. Hata ikiwa imekaa dukani muda mrefu, kwenye kivuli na pakavu, haijaanza kuzeeka kama iliyojazwa.

Ijazwe mbele yako, au ijaze mwenyewe. Vile vichupa sita vilivyoshikana havitobolewi. Unavigeuza na kuvishindilia kwenye matundu, vinajitoboa vyenyewe. Subiri asidi yote iingie, usivichomoe kwa haraka. Kikigoma kimoja, kigonge kidogo kwa kidole. Iache itulie nusu saa, kisha bonyeza kifuniko chake, na usikifungue tena maisha yake yote.

Hapo wengi ndipo wanapoharibu: wanaifunga kwenye pikipiki na kuondoka. Betri iliyojazwa sasa hivi iko kama asilimia 80 tu, na isipopewa chaji ya kwanza iliyokamilika mara nyingi haifiki 100 hata siku moja. Ipeleke kwa mchajishaji na umwambie kiwango: sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Ya 5Ah hupewa nusu ampea, polepole, kwa saa kadhaa. Chaja kubwa ya betri za gari iliyowekwa kwenye ampea 10 itaipasha moto na kuila ujana. Ukiambiwa "nusu saa tu tayari", chukua betri yako.

Ya pili: betri ya maji

Bei yake ni ndogo, na kwa mwenye mkono wa kuangalia vitu vyake ni betri nzuri kabisa. Nayo huja tupu, kwa hiyo inafaulu mtihani wangu. Faida yake kubwa ni kwamba unaona ndani: mstari wa juu na wa chini umechorwa ubavuni, na fundi anaweza kupima uzito wa asidi kwa kidude cha kioo chenye mpira. Iliyojaa husoma karibu 1.270 hadi 1.280. Chumba kimoja kikiwa chini sana kuliko vitano vingine, umeshajua mgonjwa yuko wapi.

Kasoro yake ni kwamba inakunywa. Kwa joto letu ikague kila baada ya wiki mbili au tatu. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, yale ya dukani yasiyo na kitu ndani. Maji ya kisima hapana, hata yakichemshwa, kwa sababu kuchemsha kunaua vijidudu na chokaa inabaki. Usiongeze asidi. Kinachopotea ni maji, asidi ingalimo, ukiizidisha unakula sahani. Na ikiwa mpya, kuna kofia ndogo ya mpira imeziba mdomo wa kupumulia ubavuni. Itoe na uweke mpira wake mrefu unaoshuka chini ya fremu. Ukiisahau, gesi haina pa kutokea na betri inaweza kupasuka.

Kuhusu pesa, piga hesabu kwa mwezi. Tuseme ya maji ni shilingi 30,000 na umeipuuza ikafa baada ya mwaka: 2,500 kwa mwezi. Tuseme kavu ni 50,000 na imekaa miaka miwili: kama 2,080. Lakini ukiijali ile ya maji, hesabu inageuka. Dereva wa bodaboda anayeifungua pikipiki yake kila Ijumaa kabla ya sala anaweza kuichagua bila wasiwasi. Mwalimu wa skuli anayeikumbuka pikipiki inapogoma, achukue kavu.

Ya tatu: kavu iliyojazwa kiwandani

Wengine huiita ya jeli, ingawa nyingi hazina jeli, ni asidi iliyonyonywa na matambara ya nyuzi za kioo. Ni betri njema. Haimwagiki, hairukii nguo, inavumilia mtikisiko. Naiweka ya tatu kwa sababu moja tu, ile rafu ya chini ya paa la bati. Tafuta tarehe iliyochapwa au kugongwa mwilini. Iliyopita miezi sita bila kuchajiwa, iache. Kisha omba mita pale pale dukani: 12.8 nzuri, chini ya 12.4 irudishe kwenye rafu. Muuzaji anayekataa kupimiwa amekujibu. Ikiwa tarehe ni ya karibuni na volti zimesimama, basi hii inapanda iwe sawa na ya kwanza.

Ya nne: lithiamu

Nyepesi mno, na inapiga stata kwa nguvu. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya kavu, na haitaki chaji ipite 14.6 hivi. Regyuleta ya pikipiki ya zamani ikianza kuchezacheza, umetupa pesa nyingi. Kwa pikipiki za kazi hapa kisiwani sioni haja yake.

Ya mtumba au "iliyofufuliwa" siiweki kwenye orodha. Inaonesha 12.6 mbele yako na jioni haipo. Usinunue.

Kuna wanaosema pikipiki ya kiki haihitaji betri kabisa. Baadhi zinawaka bila hiyo, kwa sababu CDI yake, kile kisanduku kinachotoa umeme wa cheche ya plagi, inachukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili. Nyingine hazitoi hata cheche. Lakini hata inayowaka, betri ndiyo inayotuliza umeme wa regyuleta. Ukiiondoa, ukivuta mafuta volti zinaruka, na balbu huungua moja baada ya nyingine. Anayezunguka Konde usiku bila taa ya mbele anajihatarisha yeye na aliyempakia.

Ukishanunua, andika tarehe ya kujazwa kwenye betri kwa kalamu ya wino mzito na uhifadhi risiti. Dai la dhamana bila tarehe halisikilizwi. Safari zako zikiwa fupi fupi, Machomanne, Gombani, Wawi, kila moja na stata yake, betri haipati muda wa kurudishiwa ilichotoa. Piga kiki pale unapoweza, na mara moja kwa wiki uipe mwendo mrefu, hata wa kwenda Wete na kurudi. Ukiiacha pikipiki mwezi mzima kwa sababu unavuka kwenda Unguja, fungua waya wa hasi kabla hujaondoka.

Iliyokufa mpe mnunuzi wa chakavu ikiwa nzima, au muulize muuzaji wa mpya kama ataipokea. Usimpe mtu anayetaka kuivunja ayeyushe risasi afanye chubwi za mshipi jikoni kwake. Moshi na vumbi la risasi huingia mwilini, na watoto ndio wanaoharibika zaidi, kwenye akili zao, bila dalili ya kuonekana leo. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa, kisha hospitali, hata kama maumivu yametulia. Na usiimwage karibu na kisima.