Matembezi ya Msitu wa Ngezi yanawafaa wanaoanza

Marafiki wanaotaka kuanza matembezi marefu, lakini bado hawana pumzi ya kupanda mlima, wataufaidi Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi mwa Pemba, kuliko kukimbilia Kilimanjaro. Njia zake zina kivuli na hazina miinuko mikali, ingawa wakati wa masika udongo huteleza, na mwenzetu aliyevaa makubazi alitembea ameshika matawi tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichoturidhisha zaidi ni mtembeza wageni, ambaye hakutuharakisha hata kidogo: alisimama chini ya mti, akaokota tunda lenye alama za meno, akatueleza kwamba popo wa Pemba, asiyepatikana porini mahali pengine popote duniani, hula matunda na kusambaza mbegu zake. Bundi wa Pemba hulia usiku, kwa hiyo anayetamani kumsikia aulizie matembezi ya jioni. Gari tulilokodi Chake Chake, kwa upande wake, lilichelewa mno na nauli ikabadilishwa njiani. Ni bora kupatana mapema. Maji na chakula vinunuliwe Konde, kabla ya kuingia msituni.