Ngao baada ya pigo: tathmini ya kanuni za kujikinga katika Dungeons & Dragons

Kitabu cha mchezaji cha toleo la 5 la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, kilichotolewa na Wizards of the Coast mwaka 2014, humpa kila mhusika mwitiko mmoja tu, yaani tendo la papo hapo la kujibu jambo lililotokea, ambao akishautumia haupati tena mpaka zamu yake nyingine ianze. Kwa kitu kinachotolewa kwa ubahili hivyo, nilitarajia wakati wa kukitumia uwe bayana kwa wachezaji wote: kabla dadu haijarushwa, baada ya kurushwa, au baada ya pigo kuthibitishwa. Badala yake, kila uwezo umepewa wakati wake, na tofauti hizo zimefichwa katika neno moja au mawili ambayo msomaji wa haraka huyapita.

Uchawi uitwao Shield ndio mfano bora. Mchawi huutumia baada ya kupigwa, naye huongezewa 5 kwenye alama yake ya kinga (namba ambayo jumla ya dadu ya adui na nyongeza zake lazima iifikie ili pigo limpate), hata dhidi ya pigo lilelile lililouamsha, na nyongeza hiyo hudumu hadi mwanzo wa zamu yake inayofuata. Mwenye kinga ya 15 akishambuliwa kwa jumla ya 17, kinga hupanda hadi 20 na pigo hukosa. Lakini ikiwa jumla ni 23, pigo limempata vilevile, na kilichobaki ni nafuu dhidi ya washambuliaji watakaofuata. Je, mchezaji huambiwa jumla hiyo kabla ya kuamua? Kanuni ya uchawi huo haisemi. Hivyo basi, kwa msimamizi (anayeendesha mchezo na kurusha dadu za maadui) anayetaja namba kwa sauti, Shield ni hesabu isiyo na hasara; kwa anayesema “umepigwa” na kunyamaza, ni kamari. Uwezo uleule una thamani mbili, na sioni kwa nini jambo zito kiasi hicho liachwe kwa tabia ya mtu.

Mtindo wa mapigano uitwao Protection, ambao humwezesha mpiganaji mwenye ngao kumkinga mwenzake aliye umbali wa futi 5, una tatizo la kinyume. Kwa kuwa humlazimisha adui kurusha dadu mbili na kuchukua ndogo, unafaa kutangazwa kabla matokeo hayajajulikana, na msimamizi wetu, ambaye mkono wake ni mwepesi kuliko ulimi, alikuwa ameshasoma namba kabla sijafungua kinywa. Toleo la 2024 limeufanya udumu hadi mwanzo wa zamu inayofuata ya mpiganaji, mradi abaki karibu na anayemkinga. Ni maboresho ya kweli, ingawa tatizo la kuwahi kusema limebaki palepale.

Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyohiyo, katika toleo lake la pili la mwaka 2019 kutoka Paizo, imelitatua jambo hili kwa ustadi zaidi. Mchezaji hutoa tendo moja kati ya matatu ya zamu yake kuinua ngao, ambayo kwa kawaida humwongezea 2 kwenye kinga, kisha, anapokaribia kupata madhara ya pigo, anaweza kujikinga nayo. Ngao ya kawaida ya chuma hupunguza madhara 5, na yanayozidi humwumiza yeye na ngao pia. Madhara yakiwa 9, basi 4 humfikia kila mmoja wao, na ngao hiyo, yenye uhai wa 20, huharibika ikishuka hadi 10. Hapa swali halihusu tena nani amewahi kusema, bali kama ngao istahili kutolewa mhanga sasa au itunzwe kwa adui mkubwa zaidi.

Kwa kikundi kipya bado ningependekeza Dungeons & Dragons, kwa kuwa sehemu nyingine za mapigano yake hueleweka upesi, ila kwa sharti kwamba msimamizi atamtaja anayeshambuliwa, atasubiri kidogo, ndipo arushe dadu na kutangaza jumla. Sisi tulianza utaratibu huo miezi michache iliyopita, na ngao ya mpiganaji wangu imeanza kufanya kazi.